Dobi Aliyekula Vyeupe Tu

Tsss.

Hiyo ndiyo sauti anayoikumbuka Mama Vifungo. Siku zote ilikuwa fupi. Mumewe hulamba ncha ya kidole, hugusa uso wa pasi, ts, na kidole kimeshaondoka; kwa ufupi wa sauti hiyo hujua kama moto ni wa pamba au wa hariri. Asubuhi ile sauti ilikuja ndefu. Ilianza, ikaendelea, ikakaa, kama mtu anayenyamazisha chumba kizima. Mama Vifungo aligeuka kutoka kwenye kikapu cha mashati akamwona mumewe amesimama wima, kidole kiko juu ya chuma cha moto, macho yako dirishani, akimtazama paka wa jirani.

"Kidole!" akapiga kelele.

"Kidole gani?" akauliza Mzee Kola.

Mzee Kola ni dobi. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hamtazami mtu usoni kwanza; hutazama kola. Anasema kwenye kola ndipo mtu anapojieleza bila kuulizwa: jasho la haraka, mafuta ya nywele, poda ya mtoto aliyelalia bega. "Karibu, karibu," atakwambia, na macho yake yameshashuka chini ya kidevu chako. Mkewe naye aliitwa Mama Vifungo kwa sababu hakuna shati lililotoka mikononi mwake likiwa na kifungo pungufu. Huombi, huulizi, unarudi nyumbani unakuta kile kilichokuwa kinaning'inia kimeshonwa, na wakati mwingine kimeshonwa kwa uzi mzuri kuliko wenzake.

Duka lao ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna kaunta ya mbao iliyolainishwa na vifurushi hadi inang'aa. Katikati kuna meza mbili za kupigia pasi, zimevikwa blanketi na juu yake shuka kuukuu. Waya umepita darini kutoka ukuta hadi ukuta, na nguo zilizonyooshwa zinaning'inia hapo kama watu wanaosubiri kuitwa. Nyuma kuna ua mdogo wenye mabeseni, bomba, na kamba. Humo ndani kuna joto wakati wote, joto lenye harufu ya sabuni na pamba safi, na anayeingia akitokea kwenye baridi husimama kidogo kabla hajasema shida yake.

Sasa tuje kwenye chakula, maana mambo yote yalianzia hapo.

Mtu aliyepambana na madoa maisha yake yote hawezi kukiangalia chakula kama wengine. Ukimwekea mchuzi, wewe unaona mchuzi. Yeye anaona kifua cha shati jeupe. Yai lina kiini, na kiini kikikauka kwenye tai kinashika kama gundi. Samaki ana mafuta. Nyama ina mafuta na mchuzi pia. Nyanya usimtajie. Hata maziwa aliyatilia mashaka.

"Maziwa ni mnafiki," alikuwa akisema. "Leo humwoni, kesho ananuka."

Alipokuwa kijana aliyasema hayo kwa utani na bado akala. Lakini miaka ilivyosonga utani ukageuka sheria, na sheria ikazidi kubana. Mwishowe alikula mkate mweupe, wali mweupe, viazi vya kuchemsha, ute wa yai bila kiini, na alikunywa maji ya moto yasiyo na majani ya chai. Kiungulia kilipomsumbua alimeza vidonge vya kupunguza asidi, navyo vilikuwa vyeupe, kwa hiyo hakuwa na ugomvi navyo. Akaendelea kuvimeza mwaka baada ya mwaka kama mtu anayetafuna karanga. Mama Vifungo alipika sufuria mbili: ya rangi na nyeupe.

"Nguo za rangi na nyeupe hazifuliwi pamoja," aliwaambia wageni waliokaa mezani wakashangaa. "Na tumbo la huyu bwana ni beseni la nyeupe."

Wageni walicheka. Naye alicheka. Ilikuwa nyumba ya watu wanaocheka, na labda ndiyo sababu hakuna aliyeona mapema kwamba dobi alikuwa akififia. Alichoka akipanda ngazi mbili za ua. Uso ulipauka. Usiku alisugua miguu akisema ina ganzi. "Ni kusimama," akasema. Kisha ikaja ile sauti ndefu.

Mama Vifungo alikiweka kidole kwenye maji baridi muda mrefu, akakifunga kwa kitambaa safi, kisha akavuta kiti akaketi mbele ya mumewe.

"Fumba macho. Nyoosha ule mkono mwingine."

Alimwekea kifungo kiganjani. Mzee Kola akakizungusha, akakizungusha tena.

"Punje ya mahindi."

Akamwekea kipande cha kitambaa. Hapa Mzee Kola alitabasamu, maana huu ulikuwa mchezo wake. Watu walikuwa wakija dukani kumjaribu: unamfumba macho, unampa kitambaa, anakwambia ni hariri, ni sufu, ni kitani, ni pamba iliyochanganywa na nailoni na muuzaji amekudanganya.

"Hariri," akasema, bila wasiwasi hata kidogo.

Kilikuwa kipande cha gunia la viazi.

Mama Vifungo alicheka kwa sauti. Halafu akaacha kucheka. Aliinuka, akachomoa waya wa pasi ukutani, akaukunja vizuri.

"Hii hutaigusa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapoweza kunitenganishia hariri na pamba kwa kidole, macho yamefumbwa. Mimi sitaki mume mwenye mikono ya kuchoma."

"Mimi nisipopiga pasi ni nini sasa?"

"Ni mume wangu. Kaa chini."

Akakaa. Na kuanzia siku hiyo Mama Vifungo akafua, akakamua, akaanika, akapiga pasi, akashona vifungo, huku dobi mwenyewe akikaa kaunta akipokea nguo na kusifia kola za watu. Hakuweza hata kufunga kifungo cha shati la mteja. Vidole viliparamia tundu kama mtu anayetafuta swichi gizani. Alitania, lakini kila mara macho yake yalirudi kwenye meza ya pasi. Kama vidole visingerudi, alijua, hiyo kaunta ndiyo ingekuwa makao yake.

Wa kwanza kujitolea alikuwa shemeji, mdogo wake Mama Vifungo, mtu mwenye mabega mapana na maneno mengi, mlinzi wa ukumbi wa mazoezi. Alikuja na mfuko, akaumwaga juu ya kaunta. Vikatoka vikopo na vichupa vya kila aina: vya nywele na kucha, vya wakimbiaji, vya wajawazito, vya kutia kwenye maji vikatoa povu, na vya watoto vyenye umbo la dubu.

"Shemeji, hapo nimekuletea bustani nzima. Wewe ni kuchuma tu."

"Umevitoa wapi vyote hivi?"

"Watu wanaanza, wanaacha. Wakiacha mazoezi wanaacha na vitamini. Lakini havijafunguliwa, usiogope, mimi nasoma tarehe."

Mzee Kola alivifungua kimoja kimoja, akatoa kidonge kwenye kila kopo, akavipanga. Shemeji alidhani anavipanga kwa faida. La. Alivipanga vyeupe huku, vya rangi kule.

"Hivi nitavinywa," akasema. "Vya rangi vyako, rudi navyo."

"Shemeji! Vidonge havifuliwi!"

"Wewe tembea navyo."

"Basi soma angalau hilo kopo ulilolishika."

Mzee Kola akasogeza kopo mbali na macho, akasoma. Lilikuwa la wajawazito.

"Hongera," akasema shemeji, akimpa mkono. "Akiwa wa kiume, mpe jina langu."

Alivimeza hivyo hivyo, na vingine vyeupe viwili pembeni. Kimoja kati ya hivyo kilimdanganya: ganda lilikuwa jeupe lakini ndani mlikuwa na unga wa njano. Asubuhi moja alitoka chooni uso umemshuka, akasimama mlangoni, akamsubiri mkewe amalize kukamua shuka.

"Mama watoto," akasema. "Nimeanza kuchuja rangi."

"Nini?"

"Njano. Njano ya kung'aa. Kama kitenge kipya kwenye maji ya kwanza."

Mama Vifungo alikaa juu ya kikapu cha nguo, na kikapu kikabonyea, na bado hakuacha kucheka.

Uso wa Mzee Kola ulipata uhai kidogo kwa vidonge hivyo. Pumzi ikamrudia kidogo. Lakini vidole, hapana. Alipewa pamba akasema sufu. Alipewa sufu akasema taulo. Ganzi ilikuwa imeanza kupanda kuelekea kifundo cha mkono.

Wa pili alikuwa mpishi wa bweni, mwanamke mwenye sauti ya kuita wanafunzi wote waje kula, ambaye huleta aproni zake kila wiki zikiwa na historia ya menyu nzima. Aliposikia habari akaegemea kaunta.

"Tumbo lake halina wenyeji, vile vijidudu vya kusaga chakula," akamwambia Mama Vifungo. "Mchachushie kabichi. Ikate nyembamba, ipake chumvi, ikande hadi itoe maji yake yenyewe, ishindilie kwenye chupa, maji yaifunike. Iache mahali penye joto. Itachacha. Utaona povu. Usiogope povu."

"Atakula? Huyu?"

"Kabichi ni ya rangi gani, dada yangu?"

Mama Vifungo akafikiri. Kabichi ilikuwa nyeupe. Sheria ilikuwa imepata tundu.

Aliitengeneza Jumapili, akaiweka chupa kubwa kwenye rafu iliyo juu ya meza ya pasi, mahali ambapo joto halikatiki. Siku chache baadaye povu likaanza kupanda pembeni mwa kioo, taratibu, kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Mama Vifungo alifurahi, akaachia kifuniko kidogo gesi itoke, akaweka sahani chini, kisha akatoka kupeleka mashuka ya nyumba ya wageni.

Mzee Kola akabaki peke yake dukani na ile harufu.

Inabidi kumwelewa. Kwa dobi, harufu ya kuchacha ina maana moja tu: kuna kitambaa kibichi kimesahaulika mahali. Ni harufu ya aibu. Pua yake ilimwinua kutoka kitini kabla akili haijaulizwa. Alinusa kikapu, akanusa beseni, akanusa waya wa nguo kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwishowe pua ikamfikisha kwenye rafu. Akaitazama chupa. Kabichi ya mke wangu, akawaza kwa huruma. Ameisahau hapa kwenye joto, imeharibika. Ataumia akiiona.

Akaamua kuiokoa.

Mama Vifungo aliporudi alikuta kabichi yote imetandazwa juani uani, juu ya taulo jeupe, imekunjuliwa uzi kwa uzi, mistari imenyooka. Chupa ilikuwa imesuguliwa na kugeuzwa chini juu. Mumewe alisimama kando akifukuza nzi kwa leso, akiwa na sura ya mtu anayesubiri pongezi.

"Ilikuwa imeanza kuchacha," akasema. "Lakini nimeiwahi. Nimeisuuza maji matatu. Ya tatu yametoka safi kabisa."

Mama Vifungo aliokota uzi mmoja wa kabichi, akautazama juani.

"Umeikamua?" akauliza hatimaye.

"Polepole. Kama hariri."

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Mpishi wa bweni alikuja mwenyewe kuliona lile taulo. Mteja mmoja alichungulia mlangoni akauliza, "Fundi, nina kitunguu kina doa, nikuletee lini?" Mwingine akataka kujua kama mchicha unapigwa pasi ya mvuke au kavu. Shemeji alileta karoti imening'inizwa kwenye kibanio cha nguo, akaitundika darini kati ya koti na gauni, na Mzee Kola mwenyewe, ambaye hajui kununa, akaiandikia tiketi.

Lakini siku iliyofuata Mama Vifungo alifunga duka katikati ya asubuhi, kitu ambacho hakikuwahi kutokea, akamshika mumewe mkono.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mtu aliyesomea."

Daktari wa zahanati alikuwa mwanamke kijana ambaye makoti yake meupe yalifuliwa na Mzee Kola tangu alipoajiriwa. Dobi alipoingia alitazama kola yake kwanza, akaridhika, ndipo akamsalimia. Daktari alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, akamtaka afumbe macho aseme ni kidole gani cha mguu kinachoguswa. Alikosea karibu vyote.

"Baba, unakula nini?"

Mzee Kola akajinyoosha. Alikuwa amesubiri swali hilo miaka mingi. Akamtajia mkate, wali, viazi, ute, maji ya moto. Akamweleza kiini cha yai na tai. Akamweleza unafiki wa maziwa. Daktari alisikiliza hadi mwisho, kalamu imesimama.

"Na hapo hakuna doa kabisa," akamalizia.

"Naona, baba. Hakuna kitu kabisa."

Mzee Kola alitolewa damu ikapimwa, na waliporudi kwa majibu daktari alivuta kiti akaketi karibu nao, si nyuma ya meza.

"Kuna vitamini moja, inaitwa B12," akasema. "Mishipa ya fahamu inaitegemea, na damu pia. Wewe unayo kidogo mno. Iko kwenye maini, samaki, nyama, mayai na kiini chake, maziwa, mtindi. Yaani kila kitu ulichokifukuza nyumbani. Na hivyo vidonge vya kiungulia, ukivimeza miaka na miaka, vinalizuia tumbo kuitoa vitamini hiyo kwenye chakula. Tutaviangalia upya pamoja, usiviache tu kwa hasira."

"Na hivi?" Mama Vifungo akatoa kopo la wajawazito kutoka kwenye mkoba.

Daktari akalisoma, akauma mdomo asicheke.

"Hivi vina madini ya chuma na vitamini nyingine, ndiyo maana alipata nguvu kidogo. Lakini vinaweza kuificha shida. Damu inaonekana nzuri, na mishipa inaendelea kuumia chini kwa chini. Mama, vitamini si povu la sabuni kwamba likizidi ndiyo usafi. Unatafuta kwanza kinachokosekana, unachagua hicho."

"Na kabichi yangu? Aliyoifua?"

"Aliyoi... nini?"

Wakamweleza. Daktari alilazimika kuvua miwani na kuifuta.

"Kabichi ya kuchacha ni chakula kizuri," akasema alipoweza. "Inaleta hamu ya kula, inalisaidia tumbo, na uchachu wake unausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mlo. Tengeneza tena. Ila B12 humo usiitegemee. Hiyo tutaanza nayo kwa sindano."

Alifungua kabati, akavuta dawa kwenye sindano. Mzee Kola alitazama. Rangi ikamtoka usoni, ile kidogo iliyokuwa imerudi.

"Hiyo nyekundu ni nini?"

"Ndiyo vitamini yenyewe."

"Nyekundu hivyo?"

"Ndivyo ilivyo, baba."

"Mwanangu, hiyo ikimwagika haitoki."

"Ndiyo maana naiweka ndani."

Mzee Kola alilitoa bega. Na alipokuwa anateremsha mkono wa shati, baada ya kukagua kama kuna tone, aliuliza lile alilokuja nalo.

"Vidole vitarudi?"

Daktari hakuharakisha. "Mara nyingi hurudi, polepole. Wakati mwingine havirudi vyote. Naona tumewahi, lakini sitakuapia."

Walirudi kwa miguu. Karibu na duka Mama Vifungo akasema, "Kuanzia leo sufuria ni moja." Mzee Kola akaitikia kwa kichwa.

Usiku huo huo mkewe alikata suruali ya kahawia ambayo mteja aliileta na hakuirudia kwa miaka, akaongeza kitambaa, akaishona ikawa shati. Halikuwa shati la kwenda popote. Lilikuwa shati la kulia. "Hili limwagie unachotaka," akamwambia. "Nimelizaa likiwa doa."

Mlo wa kwanza ulikuwa maini. Mzee Kola alikaa mbele ya sahani kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Alitia tonge la kwanza mdomoni akafumba macho. Alitafuna. Akafumbua jicho moja. Akachukua la pili kabla la kwanza halijashuka.

"Vipi?" akauliza Mama Vifungo.

"Kimya, mama watoto. Nafanya mazungumzo."

Kesho yake ilikuwa zamu ya kiini cha yai. Alikila taratibu, kikamchuruzika kidevuni, kikaangukia shati la kahawia, naye akalitazama lile doa la njano kwa muda, akasubiri moyo wake ushtuke. Haukushtuka.

"Kumbe ndani ya yai mlikuwa mmenificha hiki," akasema. "Miaka yote. Watu wabaya nyinyi."

Na akaigeukia kabichi. Chupa ya pili aliitengeneza yeye mwenyewe, mpishi wa bweni akisimamia kwa sauti kubwa. Akajifunza kuishindilia hadi maji yafunike, kuachia gesi kidogo kila asubuhi, na baada ya hapo kutofanya chochote. Na hicho cha mwisho ndicho kilichomshinda zaidi. Alizoea kazi ya kuondoa: ondoa jasho, ondoa mafuta, ondoa mkunjo. Sasa kulikuwa na kitu kilichomtaka akae pembeni akiache kijifanye chenyewe. Alikuwa anasimama mbele ya rafu mikono nyuma, akinusa. Polepole pua yake ikajifunza kwamba uchachu si mmoja. Upo wa kitambaa kilichosahaulika, unaochoma na kusikitisha, na upo huu, msafi, unaochangamsha mate.

"Huyu anapumua," aliwaambia wateja, akiwaonyesha povu. "Msimpigie kelele."

Mtindi ukafuata. Hapo akapata cheo, maana duka zima lilikuwa na joto alilolijua kuliko mtu yeyote. Alichemsha maziwa, akayaacha yapoe, na kwa kuwa vidole havikumwambia kitu, alipima uvuguvugu kwa kiwiko kama mama anayeogesha mtoto. Akachanganya kijiko cha mtindi wa jana, akaifunga sufuria kwa blanketi la meza ya pasi, akaiweka pembeni ilale. Asubuhi ulikuwa umeganda laini, mweupe, bila hata mkunjo mmoja. Alimwita mkewe aje auone kabla haujaguswa.

Sindano zikaendelea, kisha zikaachiana nafasi, vikaja vidonge ambavyo daktari alimwandikia. Vilikuwa vya rangi ya waridi. Akavimeza bila neno. Shemeji alichukua mfuko wake wa bustani, isipokuwa wale dubu, ambao alikiri kwamba anawapenda mwenyewe.

Na kila siku baada ya chakula cha mchana, duka likiwa tulivu, Mama Vifungo alitoa mfuko wa vipande.

"Fumba. Hiki?"

"Pamba."

"Sufu."

"Si nimesema sufu?"

"Umesema pamba, na wala usinitazame kwa jicho la pembeni, nimekuona."

Shemeji akiwepo alisimama nyuma ya dada yake akimpa majibu kwa ishara, akisahau kwamba mwenye mtihani amefumba macho. Kwa majuma mengi hakuna kilichobadilika. Kisha vidole vikaanza kuwaka na kuchoma kama vimepitiwa na siafu, na Mzee Kola akalalamika, na daktari akasema ni dalili njema, mishipa inaamka, walau kuna mtu nyumbani. Siku nyingine akiwa kaunta alishtuka, akalitupa shati la mteja.

"Nini?"

"Kuna pini kwenye mkono wa shati!"

Mama Vifungo alikimbia kuitafuta ile pini kana kwamba ni ya dhahabu.

Alianza kupata moja, akikosa nne. Akapata mbili. Alikuwa na siku za kurudi nyuma, ambazo alikaa akiitazama meza ya pasi bila utani wowote, na mkewe alimpitia kwa nyuma akiwa na beseni la maji, akambonyeza bega kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa imejaa.

Ilifika alasiri moja ya jua kali. Mashuka yalikuwa yanapiga makofi uani. Mpishi wa bweni alikuwa kaunta na aproni zake, shemeji amekalia ngazi anakula mtindi kwa kijiko kikubwa. Mama Vifungo akatoa mfuko.

"Fumba. Hiki?"

Mzee Kola akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Kitani. Kimechoka."

Mama Vifungo akampa kingine.

"Sufu. Haijawahi kufuliwa na mtu anayejua."

"Hiki?"

Alichelewa. Shemeji akaacha kijiko hewani.

"Hariri," akasema. "Na hicho ulichokificha mkono wa pili ni pamba, nimesikia ulivyokivuta, lakini nipe tu." Akapewa. "Pamba. Nimesema."

Mpishi akashika kifua. Mama Vifungo hakutaka kuamini haraka. Akaenda kwenye waya, akarudi na vitambaa viwili vya mezani, vya seti moja, vilivyokatwa kutoka jora moja. Akamwekea kila kimoja mkono wake.

Mzee Kola alivipima muda mrefu. Kichwa kikainama upande.

"Ni ndugu hawa," akasema. "Ila huyu wa kushoto umemtia wanga."

Hapo duka likalipuka. Mpishi alipiga kigelegele kilichowasimamisha watu barabarani. Shemeji aliruka kutoka kwenye ngazi, akanyakua gauni la mteja pamoja na kitundiko chake, akacheza nalo kati ya meza mbili, mtindi ukimdondoka kwenye shati, na hakuna aliyemkemea. Wateja wawili waliokuwa mlangoni wakapiga makofi bila kujua ni ya nini. Mama Vifungo alicheka na kulia kwa pamoja, akautia mkono wake kiganjani mwa mumewe ampongeze.

Mzee Kola bado alikuwa amefumba macho. Alidhani ni kipande kingine.

Akakipitisha kidole gumba juu yake, polepole, kama alivyofundishwa ujana wake. Akakuta ngozi ngumu chini ya vidole, mahali shuka zito linapokamuliwa. Akakuta nyufa ndogo kando ya kucha, ambazo sabuni huzichimba na kuzirudia. Akakuta alama laini ya kuungua karibu na kifundo, na nyingine pembeni yake. Akarudi mwanzo, akapitia tena, na tabasamu likatulia usoni mwake.

"Ni nini hicho, shemeji?" shemeji akapiga kelele, gauni likiwa bado mkononi. "Sema! Ni nini?"

Mzee Kola aliufunika ule mkono kwa mikono yake miwili, akafumbua macho, akamwinamia mkewe sikioni. Kelele zilikuwa nyingi mno. Hakuna mwingine aliyesikia.

"Mikono yako sikuiacha hivi," akasema, kwa sauti ya chini sana. "Kesho nafua mimi."